Kinoo, Jiwe Lilalo Chuma

Kisu kikali ni mtumishi. Kisu butu ni adui wa mkono ukishikao. Watu wengi hudhani kinyume chake. Humwona mtoto ameshika kisu kikali wakapiga kelele, bali akishika kisu butu hunyamaza. Basi tazameni jinsi kazi inavyofanyika. Kisu kikali huingia katika muhogo kwa nguvu kidogo tu, na mkono kazi yake ni kukiongoza. Kisu butu hakiingii. Mwenye kukitumia hukisukuma kwa nguvu zake zote, kisu huteleza juu ya ganda, na nguvu zile huishia katika kidole. Kwa hiyo kujua kunoa ni sehemu ya kujua kutumia chombo, na atakaye kujua kunoa yampasa kwanza alijue jiwe.

Jiwe la kunolea huitwa kinoo. Katika somo hili tutajifunza jinsi kinoo kifanyavyo kazi, jinsi ya kukichagua miongoni mwa mawe ya nchi, na jinsi ya kukitumia. Lakini kwanza nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana kosa hilo ndilo lililokuwa mwalimu wangu.

1. Tezo ya babu

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa fundi wa majahazi. Chombo chake kikubwa kilikuwa tezo, yaani shoka la bapa, aliyoirithi kwa baba yake. Kwa tezo hiyo alichonga mataruma na mbao, na kwa tezo hiyo tulikula sisi sote. Mwaka nilipotimiza umri wa miaka 12, alikuwa akimaliza jahazi la tajiri mmoja. Jahazi hilo lilitakiwa lishushwe majini wakati wa bamvua, kwa kuwa maji ya siku nyingine hayakufika mahali liliposimama. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Jioni moja aliniambia, "Mjukuu wangu, chukua kinoo, uitie tezo makali. Kesho alfajiri nina kazi nayo."

Nikaitika, "Naam, babu." Lakini kunoa kwa kinoo ni kazi ya muda mrefu, na wenzangu walikuwa wakiningojea kiwanjani. Karibu na soko palikuwa na mtu mwenye cherehe, yaani gurudumu la kunolea, lililozungushwa kwa mtambo. Nikampelekea tezo. Gurudumu lilizunguka kwa kasi bila ya tone la maji, cheche zikaruka kama nyota, nami nikafurahi. Kwa muda wa kuhesabu mia, tezo ilikuwa tayari. Kwenye ukingo wake niliona rangi ya samawati, kama rangi ya shingo ya njiwa. Nikadhani ni pambo.

Alfajiri babu akaipiga mbao mara tatu. Mara ya tatu ukingo wa tezo ukakunjika kama bati. Akaigeuza, akaitazama penye mwanga, akauliza, "Nani aliyeipika tezo yangu?"

Nikamwambia kweli yote, nikasema, "Nisamehe, babu." Hakunipiga wala hakunitukana. Aliketi juu ya gogo akanyamaza, na kimya chake kilinichoma kuliko fimbo.

Kisa chenyewe ni hiki. Chuma cha pua, ndicho chuma kigumu kinachofanyiwa visu na tezo, ugumu wake umetiwa kwa moto wa mhunzi na kwa kuzimwa ghafula. Kikipata moto tena, ugumu ule hutoka. Kikifika joto la nyuzi 300 hivi za Sentigredi hugeuka rangi kuwa samawati, na rangi hiyo ni ishara ya kuwa ukingo umelainika. Gurudumu kavu liendalo kasi huweza kuutia ukingo mwembamba joto hilo kwa dakika chache. Mkono wa mtu usuguao kinoo chenye maji hauwezi kamwe.

Hapakuwa na njia ila kuiondoa sehemu ile yote kwa jiwe, mpaka chuma kigumu kionekane tena. Tulinoa kwa zamu siku mbili, babu na mimi, na kiasi cha nusu ya upana wa kidole kikageuka tope jeusi. Bamvua ikapita. Jahazi likangoja bamvua nyingine, karibu siku 15, na mafundi na vibarua wakakaa siku hizo bila ya ujira. Tulipomaliza kunoa, babu aliniambia maneno haya, nami sijayasahau mpaka leo: "Jiwe hula chuma, na chuma kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo chagua jiwe lilalo kwa kiasi."

2. Jinsi kinoo kifanyavyo kazi

Maneno ya babu ni kweli tupu. Kunoa si kuongeza kitu katika kisu, bali ni kupunguza. Kisu butu kikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, ukingo wake huonekana mviringo kama mgongo wa kijiko. Kinoo huuondoa mviringo huo, upande huu na upande huu, mpaka pande mbili zikutane katika mstari mmoja mwembamba. Mstari huo ndio makali.

Jiwe lawezaje kula chuma? Kwa sababu ndani yake mna punje ndogo zilizo ngumu kuliko chuma. Kila punje hukwangua kidogo, kama jani la msasa likwanguavyo mti. Punje zikiwa kubwa, hula upesi na kuacha mifereji mirefu. Huo ndio ukali wa msumeno, wa kukata kamba. Punje zikiwa ndogo, hula polepole na kuacha uso laini. Huo ndio ukali wa wembe.

Mwaka 1812 mtaalamu wa mawe, Friedrich Mohs, Mjerumani, alipanga madini kumi kwa ugumu wao, kuanzia 1 mpaka 10. Kanuni yake ni nyepesi: kilicho kigumu hukikwaruza kilicho laini. Madini ya jiwe la chokaa ni namba 3. Jiwe gumu jeupe liitwalo kwatsi ni namba 7, nalo ndilo lililosagika likawa mchanga wa mito mingi. Almasi ni namba 10, mwisho wa yote. Chuma cha kisu kizuri huwa karibu na namba 6. Basi hesabu wenyewe: chokaa haiwezi kukila chuma; kwatsi yaweza.

3. Mawe ya pwani na mawe ya bara

Hesabu hiyo yaeleza jambo ambalo watoto wa pwani hulistaajabia. Pwani mawe ni mengi, na nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Jiwe la matumbawe hukwaruza mguu na kuchubua ngozi, hata mtu hudhani litanoa kisu. Lakini ukilisugua kwa kisu, jiwe ndilo liliwalo! Unga mweupe hutoka, na kisu hubaki butu kama kilivyokuwa. Kukwaruza ngozi ni jambo moja, kukwaruza chuma ni jambo jingine. Matumbawe ni chokaa.

Ukitaka kulijua jiwe la chokaa, kwangua unga kidogo juu yake, kisha utone maji ya ndimu. Likiwa la chokaa, unga utatoa povu dogo. Likiwa la mchanga safi, halitatoa kitu.

Ukienda bara kutoka Mombasa, mawe hubadilika. Huko Mazeras hupatikana jiwe la mchanga, ambalo watu hulichimba na kulipasua mabamba ya kutandika njia na nyua. Jiwe la mchanga ni punje za mchanga zilizogandamana muda wa miaka mingi mno. Jiwe la namna hiyo, likiwa na punje ndogo zilizo sawa, ni kinoo cha kwanza cha watu wengi duniani. Hata kabla ya chuma kujulikana, watu wa kale walisugua mashoka yao ya mawe juu ya jiwe la mchanga lenye maji, nayo yakapata ukingo.

Liko na jiwe la itale, lile gumu la vilima, lenye madoa meupe, meusi na ya kumetameta. Watu wengi hunoa panga juu yake, na kwa panga la kufyekea lafaa. Kwa kisu chembamba halifai sana, kwa kuwa limechanganyika: punje hii ni kubwa, hii ni ndogo, hii ni ngumu, na hii ni ulanga ulio laini. Punje moja iliyozidi wenzake huharibu kazi ya punje elfu.

4. Vinoo vilivyosifika duniani

Kwa kuwa kila mtu ahitaji makali, vinoo vizuri vilikuwa bidhaa tangu zamani. Plinius, Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliandika habari zake katika kitabu chake kikubwa cha maumbile. Alisema kuwa vinoo vya kisiwa cha Krete vyataka mafuta, na vya kisiwa cha Naxos vyataka maji. Tena viko ambavyo vinyozi walivitilia mate yao. Basi tangu siku hizo watu walikwisha jua kuwa kila jiwe lina kinywaji chake.

Nchini Norwe, mahali paitwapo Eidsborg, vinoo vilichimbwa tangu karne ya 8 mpaka katikati ya karne ya 20, yaani zaidi ya miaka 1,000. Vyombo vilivipeleka katika nchi nyingine za Ulaya. Mkulima wa huko alipokwenda kukata majani kwa fyekeo refu, alichukua kinoo kiunoni ndani ya pembe yenye maji, akasimama mara kwa mara kuyarudisha makali. Hakuona kuwa ni kupoteza wakati. Alijua ya kuwa fyekeo butu humla mtu nguvu.

Ubelgiji, karibu na mji wa Vielsalm, kuna jiwe la rangi ya manjano liitwalo coticule. Ndani yake mna vijipunje vya ganeti, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, tena vimelingana. Kwa hiyo vinyozi walilipenda kwa nyembe zao. Mishipa yake ardhini ni myembamba, na bamba lake ni jepesi kuvunjika. Kwa hiyo mara nyingi hugundishwa juu ya bamba la jiwe jingine ili lipate nguvu.

Marekani, katika jimbo la Arkansas, kuna jiwe liitwalo novaculite, ambalo karibu lote ni madini ya kwatsi safi, nalo hutumiwa kwa mafuta. Wenyeji wa kale wa nchi ile walilitumia kwa ncha za mishale na mikuki. Kadhalika Japani, karibu na mji wa Kyoto, kulichimbwa mawe laini mno, ambayo mafundi wa panga na maseremala huyatumia kwa maji katika hatua ya mwisho ya kunoa.

Tazameni: nchi mbalimbali, majina mbalimbali, lakini sifa ni zile zile, punje ngumu, ndogo, na zilizo sawa.

5. Kuchagua kinoo

Si lazima kununua jiwe kutoka mbali. Mtu aendaye mtoni kwa macho yaliyofunguka aweza kupata kinoo kizuri. Afanye hivi:

Kwanza, alitazame jiwe likiwa limelowa. Ufa na mishipa huonekana vizuri penye maji. Jiwe lenye ufa litavunjika, na jiwe lenye mshipa mgumu litaukata ukingo.

Pili, aligonge kwa jiwe dogo. Jiwe zima hulia kwa sauti iliyo wazi. Jiwe lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa.

Tatu, alipapase kwa ukucha. Ukucha hujua tofauti ambazo jicho halizijui. Akisikia mahali fulani pana punje inayokwaruza zaidi, aliache.

Nne, atone tone la maji. Jiwe likilinywa mara moja, punje zake kwa kawaida zimeachana, nalo lafaa kwa kazi ya kwanza. Tone likikaa juu muda mrefu, jiwe limeshikana, na huenda likafaa kwa kazi ya mwisho.

Tano, asugue msumari wa zamani juu yake pamoja na maji. Maji yakigeuka meusi, jiwe linakula chuma. Yakigeuka rangi ya jiwe tu, na msumari haukung'aa, ni jiwe ndilo linaloliwa. Asianze kujaribu kwa kisu cha mama yake!

Mwenye mawe mawili, moja la kukwaruza na moja laini, ana karibu yote ayahitajiyo nyumbani.

6. Kunoa

Weka jiwe juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze. Jiwe la maji lipe maji ya kutosha, na uongeze kila likaukapo. Maji hayanoi, kazi yake ni kuuchukua unga wa chuma usizibe nafasi kati ya punje. Punje zikizibwa, kisu huteleza tu wala hakiliwi.

Sasa mwinuko wa kisu. Chukua karatasi yenye pembe mraba, ambayo ni nyuzi 90. Ikunje pembe hiyo katikati, upate 45. Ikunje tena, upate 22 na nusu. Kisu cha jikoni hutaka kiinuliwe chini kidogo ya hapo, baina ya nyuzi 15 na 20. Panga na shoka hutaka zaidi, nyuzi 25 hivi, kwa sababu ukingo mwembamba mno huvunjika upigapo mti. Mwinuko wo wote utakaouchagua, ushike huo huo mpaka mwisho. Mkono uyumbao huurudisha ule mviringo uliotaka kuuondoa.

Sukuma kisu kana kwamba wataka kukata ngozi nyembamba ya jiwe, tangu shina mpaka ncha. Vidole vikae juu ya bapa, mbali na ukingo. Noa upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa uangalifu, kutoka mgongoni kwenda nje, usikie ukingo mdogo wa chuma uliokunjika. Hiyo ni ishara kuwa upande wa kwanza umefika. Geuza, ufanye vivyo hivyo. Kisha nenda kwenye jiwe laini, usugue kwa wepesi, ukibadilisha upande kila mara, mpaka ukingo ule uliokunjika utoweke. Mwisho, pitisha kisu juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara chache.

Usijaribu makali kwa kukokota kidole. Shika kisu, ukingo ukielekea mwanga. Mahali palipo butu patang'aa kama uzi mweupe. Mahali palipo pakali hapang'ai, kwa kuwa hapana uso wa kurudisha nuru. Au kata ukingo wa karatasi: kisu kikali huipasua bila kuirarua.

7. Kukitunza kinoo

Jiwe lililozoea maji lisitiwe mafuta, kwani mafuta yakiingia ndani huyazuia maji. Jiwe la mafuta lipewe mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Mengine yakikauka hunata na kuliziba. Tumia uso wote wa jiwe, si katikati tu, maana katikati kukiliwa jiwe hufanya bonde, na kisu kinolewacho bondeni hakiwezi kunyoka. Bonde likianza, tandaza mchanga na maji juu ya bamba lililo sawa, ulisugue jiwe mpaka lisawazike.

Hapo mtaona ya kuwa jiwe nalo huliwa. Hula chuma, na chuma hulila. Kinoo cha babu yangu ninacho mimi sasa. Kimekuwa chembamba kama kitabu, na tezo yenyewe imebaki fupi. Kila niishikapo huona pale palipopotea kwa ajili ya haraka ya jioni moja. Wahenga husema, kinolewacho hupata. Nami naongeza kwa maneno ya babu: anoaye na achague lilalo kwa kiasi.

Maswali

1. Kwa nini kisu butu huweza kuudhuru mkono kuliko kisu kikali?
2. Rangi ya samawati kwenye ukingo wa tezo ilionyesha nini? Eleza sababu yake.
3. Kwa nini mafundi na vibarua walikosa ujira siku zile?
4. Jiwe la matumbawe huchubua ngozi lakini halinoi kisu. Eleza kwa kutumia namba za Mohs.
5. Maji yana kazi gani juu ya kinoo?
6. Taja sifa tatu za kinoo kizuri.

Kazi ya mikono

Kila mwanafunzi alete mawe matatu kutoka mahali mbalimbali. Yajaribuni kwa maji, kwa ukucha, kwa msumari na kwa ndimu, mkaandike katika daftari lipi lafaa kwa panga, lipi kwa kisu, na lipi lirudi lilikotoka.